Upepo Kwenye Magurudumu ya Baba

Baba yangu alikataa kubebwa. Alipopooza upande wa kushoto, mkono na mguu, alikubali kulishwa uji na mama, alikubali nimnyoe ndevu, na hata kushikwa kwapani akienda choo alikubali, ingawa kwa kununa. Lakini kubebwa njiani mbele ya watu alikataa katakata. "Mtanibeba siku moja," alituambia, "na siku hiyo mimi sitajua." Tulicheka kidogo, ingawa hakuwa anatania.

Kabla ya hapo alikuwa nyapara kwa miaka mingi kwenye shamba moja la miwa upande wa Muhoroni. Mwenye shamba, mzungu mmoja mwembamba aliyependa kofia kubwa, alikuwa na pikipiki ya magurudumu manne ya kukagulia miwa. Nilipokuwa mwanafunzi, katika miaka ya themanini, nilimwona akipita nayo shambani baada ya mvua, mahali ambapo trekta lenyewe lilikuwa limezama, na baba akimfuata nyuma kwa miguu, suruali imekunjwa hadi magotini. Kwetu haikuwa na jina. Watu waliiita pikipiki ya miguu minne, wakaridhika.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mzungu aliuza shamba akarudi kwao. Pikipiki ilikuwa imezeeka, rangi imepauka, na aliyenunua shamba hakuitaka. Basi akampa baba iwe shukrani ya kazi. Baba aliileta kwetu Nyakach juu ya lori, akaisukuma bandani, na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti. Alisema ataitumia akistaafu. Alistaafu, na hata mwezi haukuisha akaanguka asubuhi moja akinawa uso.

Mimi wakati huo nilikuwa fundi mjini Kisumu. Nilikaa chumba kimoja Kaloleni, na gereji yetu ilikuwa uwanja wa wazi wenye mabati matatu juu na udongo uliolowa oili chini. Nilitengeneza springi za malori, ekseli za mikokoteni, na baiskeli zilizobeba samaki na magunia kutwa nzima. Nilikuwa na mikono mizuri, hilo nalisema bila haya. Nilikuwa pia na mdomo. Mteja akithubutu kunieleza ugonjwa wa gari lake nilimuuliza kwa nini basi hakulitibu mwenyewe, na wenzangu walicheka, na mimi nikazidi kuvimba kichwa.

Sasa, kwetu mtu hahami hivi hivi. Mwanamume aliyeoa huishi kwanza katika boma la baba yake. Siku yake ya kuwa na boma lake mwenyewe ikifika, yaani dala, hutoka alfajiri kwenda kwenye kiwanja kipya. Mke wake hubeba moto, mwanawe wa kwanza hubeba shoka, na mwenye boma hubeba jogoo. Nyumba ya kwanza hujengwa na kuezekwa siku hiyo hiyo, na shimo la nguzo ya kwanza huanzwa kwa mkono wa mwenye boma. Baba alikuwa amemaliza nguvu zake kwenye miwa ya mtu mwingine, na kila mwaka alisema mwaka ujao. Alikuwa na mvi na wajukuu, lakini bado aliishi katika boma la babu, aliyekufa zamani. Angekufa kabla ya kuhama, angezikwa pale pale kama kijana ambaye hajajitegemea, na sisi wanawe tungebaki tumefungwa, kwa sababu hakuna anayeweza kuhama kabla ya baba yake.

Kiwanja alikuwa nacho. Kilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka bomani, kuteremka upande wa ziwa, na njia yake ilipita kwenye udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka na wakati wa mvua hushika mguu hautaki kuuachia. Mtu aliyepooza hawezi kuitembea njia ile.

Jumapili moja aliniita mbele ya mama na baba mdogo, ndugu yake aliyemfuata, ambaye ndiye angetuongoza siku ya kuhama.

"Wuoda," alisema. Mwanangu, aliniita hivyo kwa Kijaluo tangu utotoni, hasa akiwa na haja. "Tengeneza hiyo kitu ya mzungu. Nataka kuendesha mwenyewe mpaka pale."

"Si tukuweke tu kwa kiti tukubebe?" baba mdogo akauliza. "Vijana wako wengi."

Baba hakumjibu. Alikuwa ananitazama mimi, jicho la kushoto limelegea, la kulia kali kama zamani.

"Nipe mwezi mmoja, Baba," nikasema.

Ulikuwa uongo, ingawa sikujua. Niliisafirisha mpaka Kisumu juu ya lori la mchanga kutoka Katito, na siku ya kwanza nilipofungua kabureta nilikuta petroli ya zamani imekauka ndani ikawa gundi. Nilizibua vitundu vyake kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Tangi lilikuwa na kutu. Nilitia kokoto na mafuta ya taa, nikalitikisa mpaka mabega yakauma, nikamwaga maji mekundu, nikarudia. Kamba ya kuwashia ilikuwa imeoza, nikaweka kamba ya nyavu niliyopewa na mvuvi wa Dunga, na hiyo mpaka leo haijakatika. Hayo yalikuwa mambo niliyoyaweza.

Yasiyowezekana yalikuwa mengine. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha, na katika mji mzima hakukuwa na mtu aliyewahi kuona injini ile. Mwenye duka la vipuri aliigeuzageuza ringi niliyompelekea, kisha akaniuliza kama nimeiokota. Nilipeleka salamu Nakuru kwa dereva wa lori, akarudi na ringi za pampu ya maji. Nikazipiga tupa wiki mbili, nikavunja moja, nikaanza upya. Cheni niliipata kwenye mabaki ya pikipiki ya afisa wa kilimo. Kila nilipoenda nyumbani mikono mitupu baba aliniuliza swali moja tu: "Imenguruma?" Nilisema bado kidogo. Nilianza kuogopa kwenda nyumbani, na hilo linaniaibisha kuliko mengi.

Kiangazi kikapita chote hivyo. Kiangazi, wakati njia ilikuwa ngumu kama sakafu.

Iliponguruma, gereji nzima iliacha kazi. Ilitoa moshi wa buluu, ikakohoa, kisha ikatulia na kuimba vizuri, na mimi nikajifanya nafuta spana ili wenzangu wasione machozi. Baada ya hapo nilianza kuibadilisha iwe ya mtu mwenye mkono mmoja. Gia yake ilikuwa ya kukanyagwa kwa mguu wa kushoto, na mguu wa kushoto wa baba ulikuwa mzigo tu. Nilichomelea fimbo ya chuma juu ya ile pedali, nikaikunja ipite mbele ya kiti mpaka upande wa kulia, ili aisukume kwa mkono. Mafuta yalibonyezwa kwa dole gumba la kulia, hilo liliachwa lilivyo. Breki niliihamisha ikae mguu wa kulia. Nilitengeneza kiti cha mabomba chenye mgongo, nikakishonea sponji ya basi kuukuu, na mkanda wa kiunoni niliokata kwenye tyubu ya trekta. Upande wa kushoto niliweka kisanduku cha bati cha kulazia ule mguu. Niliipaka rangi ya kijani. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, kabla wala baadaye.

Mwisho yakabaki magurudumu. Yalikuwa mapana na mafupi, yamevimbavimba kama mandazi, na hayakuwa na tyubu. Mpira ulikuwa umepasuka nyufa ndogondogo, haukushika upepo hata saa moja. Nilitia tyubu za gari dogo, nikatia viraka, nikapiga pampu. Sasa, fundi wa Kisumu analijua gurudumu kwa ukucha. Unalipiga kwa ukucha, na likilia, kazi imekwisha. Gurudumu laini ni aibu. Mwenye baiskeli atalirudisha akikutukana mbele ya wateja. Niliyapiga pampu yale manne mpaka yakatoa tumbo, yakasimama kwa ncha, katikati tu ndipo palipogusa ardhi, na yote manne yakalia. Nilisimama pembeni nikajipongeza.

Nilipoifikisha nyumbani baba alitolewa nje kwenye kiti. Aliitazama kwa muda mrefu. Aligusa fimbo ya gia, akagusa kisanduku cha mguu wake, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika, kwa namna ambayo ningeifia. Kisha akainama na kubonyeza gurudumu la mbele.

"Hii imekuwa ngumu," alisema. "Ya mzungu ilikuwa laini. Ulikuwa unabonyeza na kidole, kidole inaingia."

"Mzungu alikuwa mvivu wa kupiga pampu, Baba."

Watu wote wakacheka. Baba naye akacheka, upande mmoja wa mdomo. Alikuwa amefuata pikipiki ile kwa miguu miaka kumi, na mimi nilikuwa nimeijua miezi mitano.

Siku hiyo aliendesha kuzunguka boma mara tatu. Tulimsaidia kupanda, na kusaidiwa kupanda hakukuwa kubebwa, alieleza hivyo mwenyewe bila kuulizwa. Kuku walikimbia, wajukuu wakapiga kelele, mama akakaa mlangoni amefunika mdomo kwa kanga. Ardhi ya bomani ilikuwa imeshindiliwa na miguu ya watu tangu enzi za babu, na pikipiki ilipita juu yake bila tatizo. Nililala usingizi mzuri.

Lakini baba alikuwa ameanza kupoteza maneno. Alitaka kusema kijiko akasema kengele, akakasirika, akatupa kijiko. Tulimpeleka Kisumu, na daktari akatuita pembeni akatuambia kiharusi kingine kinaweza kuja wakati wowote, na hicho hakitakuwa na huruma. Baba mdogo hakungoja tena. Aliweka siku, akaita watu, nguzo na nyasi zikapelekwa kiwanjani. Siku mbili kabla, mvua ikanyesha. Ikanyesha na ya pili yake. Nilisimama mlangoni kwangu nikiitazama, na hakukuwa na spana ya kuifungia mvua.

"Tungoje ikauke?" nilimuuliza baba mdogo.

"Ikauke lini? Hii ndiyo imeanza."

Alfajiri ile haikuwa na mvua, ila ukungu tu kutoka ziwani. Baba mdogo alitangulia. Mama alibeba makaa kwenye kigae cha chungu. Mimi nilipewa shoka jipya mkono wa kulia, na jogoo kwapa la kushoto, kwa sababu mkono pekee mzima wa baba ulikuwa wa kuendesha. "Hivyo vitu havigusi chini mpaka tufike," baba mdogo aliniambia. "Umesikia?" Nilisikia. Ndugu zangu na majirani walifuata nyuma na majembe. Baba alivuta kamba mwenyewe kwa mkono wa kulia, injini ikashika mara ya kwanza, na akatoka kwenye lango la babu akiwa amekaa wima, amevaa koti la kanisani.

Tulikwenda vizuri mpaka mwisho wa mteremko. Ninasema vizuri, lakini nilikuwa nimeanza kuona. Kwenye majani alipita. Udongo mweusi ulipoanza, magurudumu hayakukaa juu yake. Yaliukata. Kila moja lilichora mfereji mwembamba kama kisu kwenye ugali, na mfereji ukazidi kwenda chini. Baba alibonyeza mafuta, matope yakaruka mpaka kwenye kanga ya mama, pikipiki ikainama mbele, ikasimama. Akabonyeza tena. Tumbo la injini likakaa kwenye tope. Kiwanja kilikuwa kinaonekana, rundo la nyasi na nguzo, mbele yetu kama urefu wa uwanja wa mpira.

Ndugu zangu walisukuma. Walikuwa wanaume wanne wenye nguvu, na walichofanya ni kuizamisha zaidi. Mimi nilisimama nimekumbatia jogoo. Mtu pekee aliyeijua mashine ile kila msumari alikuwa amesimama na mikono iliyojaa.

Injini ikazimika. Katika ule ukimya baba aliegemea upande, akanyoosha mkono, akabonyeza gurudumu la mbele kwa kidole. Kidole hakikuingia. Akainua uso akanitazama.

"Ngumu," alisema. Neno hilo hakulipoteza.

Nilikuwa na nafasi. Nilihitaji kusema tu: toeni upepo. Ndugu yangu yeyote angebonyeza valvu kwa kijiti, magurudumu yangelala, yangetandaa, na dakika chache baadaye tungeijaribu upya. Nilijua. Nataka niandike hapa kwamba sikujua, lakini nilijua pale pale, kidole chake kilipogoma. Nyuma yangu walikuwa majirani waliocheka utani wangu kuhusu mzungu, na baba mdogo, na wake zetu.

"Si upepo, Baba," nikasema. "Ni matope tu."

Baba aliendelea kunitazama kidogo. Sikuona hasira. Kama angenitukana ningeshukuru mpaka leo. Alifungua ule mkanda wa tyubu kiunoni.

"Wacha tumbebe," baba mdogo akasema. "Imeshindikana. Owadwa, ndugu yangu, ni hapo tu."

"Hapana," baba akasema, na akajisukuma kutoka kwenye kiti.

Alianguka ubavu. Ndugu yangu mmoja alimrukia, na baba akampiga mkono. Kisha akajigeuza kwa tumbo, akachomeka kiwiko cha kulia kwenye tope, akajivuta. Mguu wa kulia ukasukuma, wa kushoto ukafuata nyuma yake ukichora mstari. Akapumzika, akajivuta tena. Koti la kanisani liligeuka jeusi. Mama alitembea kando yake na kigae cha moto, hatua moja, akangoja, hatua moja, akangoja, na hakumgusa, kwa sababu alimjua. Mimi nilikuwa nyuma yao. Jogoo alikuwa anapapatika, moyo wake unadunda kwenye mbavu zangu, na nilishindwa hata kujifuta uso.

Sijui ilichukua muda gani. Jua lilikuwa limetoka tulipofika. Baba mdogo alimwonyesha mahali, na baba, akiwa amelala vile vile, akachimba kwa jembe la mpini mfupi, mara tatu, nne, ardhi yake ikakubali. Kisha akaniambia nikate nguzo. Nyumba ilisimama siku hiyo na ikaezekwa kabla ya jua kuzama. Mama alimwosha nyuma ya nyasi zilizobaki, na nilisikia wakicheka, wote wawili, sijui kwa nini.

Aliishi humo muda mfupi tu, hata mahindi ya mvua zile hayajabeba. Kiharusi kilikuja mchana akiwa amekaa mlangoni kwake. Hakuwahi kunitajia magurudumu. Nilikuja kila wiki, nikakaa naye, nikafungua mdomo mara nyingi, na kila mara nikaishia kumuuliza kama amekula. Tulimzika katika boma lake mwenyewe. Siku hiyo tulimbeba, na kama alivyotuambia, hakujua.

Pikipiki ilibaki kule kwenye tope wiki zote zile, majani yameanza kupanda kwenye kiti. Baada ya mazishi, wageni walipoondoka, nilikwenda peke yangu. Niliokota kijiti, nikabonyeza valvu ya kwanza, upepo wangu ukatoka ukipiga mluzi. Nikaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Nilibonyeza kwa kidole, na kidole kikaingia. Nilifukua tope kwa jembe, nikavuta kamba ya Dunga, ikanguruma. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo ulikuwa mbaya kuliko siku ile.

Ikatoka. Haikukwama hata mara moja. Ilipita juu ya tope polepole, magurudumu yametandaa, kama nilivyoiona utotoni kwenye miwa, na nikaiendesha njia yote ambayo baba aliitambaa, mpaka mbele ya nyumba. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kimenyolewa kwa msiba, ananitazama nikija.

"Kumbe inapita," alisema.

Nilizima injini. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye ile fimbo ya gia niliyomkunjia baba.